Namna ya Kutafuta Asili ya Jina la Kijiji cha Uingereza kwa Kufuata Tahajia Zake za Kale

Kijiji cha Grantchester kiko kilomita tatu hivi kusini-magharibi mwa mji wa Cambridge, ukingoni mwa mto unaoitwa Cam ambao mahali hapo watu wengi huuita pia Granta. Mtu aliyesoma historia ya Uingereza hata kidogo, akiliona jina hili, huwa na jibu tayari: kiishio -chester ni kile kile kilichomo katika Manchester na Colchester, nacho kimetokana na neno la Kilatini castra, yaani kambi ya jeshi, basi Grantchester ni ngome ya Warumi kando ya mto Granta. Jibu hilo linapendeza, lina mantiki, na si kweli. Katika Kitabu cha Domesday, uchunguzi wa ardhi wa mfalme wa mwaka 1086, kijiji hicho kimeandikwa Granteseta, na ndani ya tahajia hiyo hamna ngome wala Warumi. Mna watu waliokaa kando ya mto.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe: mwanafunzi wa isimu au wa historia, mtu anayefuatilia ukoo wenye mizizi huko, au mkazi wa Uingereza ambaye kila siku hupita penye kibao cha jina asilolielewa. Huhitaji kujua Kilatini ili kuanza, ingawa ukifika mbali utakihitaji kidogo. Unachohitaji tangu mwanzo ni kukubali kwamba umbo la leo la jina si ushahidi wa asili yake. Ushahidi ni mfululizo wa tahajia zilizoandikwa karne kwa karne, na kila tahajia huwa na uzito kwa kadiri unavyomjua aliyeiandika, aliyemtamkia, na sababu iliyomfanya aandike. Nitatumia Grantchester kuwa mfano mkuu kwa sababu makosa karibu yote ambayo mtafiti anaweza kuyafanya yamekwisha kufanywa juu ya jina hilo, tena na watu wenye elimu kubwa.

Hatua ya kwanza: bainisha mahali penyewe

Kabla ya kufungua hati yoyote, andika mambo manne: jina la leo, parokia, tarafa ya kale na kaunti ya kale. Tarafa hizo ziliitwa hundred, na hati nyingi za Zama za Kati zimepangwa kwa kuzifuata, hivyo asiyeijua tarafa ya kijiji chake atapekua kurasa bila mwisho. Grantchester ilikuwa katika tarafa ya Wetherley, kaunti ya Cambridgeshire. Kuhusu kaunti, zingatia mabadiliko ya mipaka ya mwaka 1974: vijiji vya Huntingdonshire, kwa mfano, leo vimo ndani ya Cambridgeshire, lakini hati zao zote za zamani zimepangwa chini ya Huntingdonshire.

Hatua hii inaonekana ndogo, ila ndiyo inayomwokoa mtafiti na majina mapacha. Croydon ya kusini mwa London na kijiji cha Croydon kilichoko Cambridgeshire yanaandikwa sawasawa leo, herufi kwa herufi, lakini asili zake ni mbili. La London limetokana na bonde lililoota zafarani ya porini. La Cambridgeshire liliandikwa Crauuedene mwaka 1086, ambapo uu ni namna ya kale ya kuandika w, nalo maana yake ni bonde la kunguru. Anayechukua tahajia ya moja na kuiweka katika orodha ya jingine ameharibu kazi nzima, na kosa hilo halitaonekana mpaka mwisho, maelezo yanapokataa kukaa sawa.

Hatua ya pili: kusanya tahajia kwa kurudi nyuma

Anza na leo, kisha shuka taratibu kuelekea zamani. Mpango huu ni bora kuliko kuruka moja kwa moja hadi mwaka 1086, kwa kuwa kila tahajia unayoipata hukusaidia kuitambua iliyoitangulia, na jina lililobadilika sana halikupotei njiani.

Katika karne ya 19 utakuta ramani za zaka, zilizochorwa baada ya sheria ya mwaka 1836 iliyogeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, pamoja na ramani za Ordnance Survey, taasisi ya upimaji iliyotoa ramani yake ya kwanza mwaka 1801. Ramani za zaka zina faida ya ziada kwa sababu zinataja hata majina ya mashamba madogo. Nyuma yake ziko ramani za kaunti za John Speed za mwanzoni mwa karne ya 17 na za Christopher Saxton za miaka ya 1570. Ramani hizo ni nzuri kwa macho, lakini wachoraji walinakiliana, kwa hiyo tahajia moja iliyomo katika ramani tatu inaweza kuwa ushahidi mmoja tu.

Rejista za parokia za ubatizo, ndoa na maziko zilianzishwa kwa amri ya mwaka 1538. Huko utakuta jina limeandikwa na mtu aliyeishi pale pale, na mara nyingi jinsi alivyolisikia. Kabla ya hapo unaingia katika hati za serikali na za mahakama: orodha za kodi, na hasa ile ya mwaka 1327, uchunguzi mkubwa wa ardhi wa mwaka 1279, ambao kwa bahati njema umehifadhiwa vizuri kwa Cambridgeshire kuliko kwa kaunti nyingi, mapatano ya ardhi yaliyofanyika mbele ya mahakama ya mfalme, ambayo tangu mwaka 1195 nakala yake ya tatu ilibaki serikalini, na hati za hesabu za hazina ya mfalme, ambazo ya kwanza iliyosalia ni ya mwaka 1130 na mfululizo wake unaanza mwaka 1156. Nyingi za asili ziko katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, lakini wanazuoni wa karne ya 19 na ya 20 walizichapisha kwa muhtasari, na machapisho hayo mengi yanasomeka bure kwenye intaneti. Kitabu cha Domesday nacho kipo mtandaoni, picha za kurasa zake pamoja na tafsiri.

Usisahau mwenye ardhi. Pale ambapo kijiji kilikuwa mali ya monasteri au chuo, mabaraza ya mwenye shamba yaliandika kumbukumbu zake mwaka hadi mwaka, na karani wake alikuwa karibu na wanakijiji kuliko karani wa hazina aliyekaa Westminster. Chuo cha King's cha Cambridge, kilichoanzishwa mwaka 1441, kimekuwa na ardhi Grantchester kwa karne nyingi, hivyo mtafiti wa kijiji hicho atapiga hodi kwenye hifadhi ya chuo sawa na anavyopiga hodi kwenye hifadhi ya kaunti.

Baada ya kukusanya chako, na si kabla, fungua uchunguzi wa majina ya mahali ya England unaotolewa kaunti kwa kaunti na English Place-Name Society, jumuiya iliyoundwa mwaka 1923 na ambayo leo ina makao yake katika Chuo Kikuu cha Nottingham. Juzuu la Cambridgeshire lilitoka mwaka 1943. Najua wengi watataka kuanzia hapo, na kwa mtu mwenye haraka si vibaya. Lakini anayeanza na jibu la kitabu huona tahajia zote zikilithibitisha jibu hilo, na hawezi tena kutambua iliyokataa.

Hatua ya tatu: andika kila tahajia na shahada yake

Tahajia isiyo na tarehe wala chanzo haina kazi. Kwa kila moja andika umbo lenyewe kama lilivyo, bila kurekebisha herufi hata moja. Mwaka wa hati. Aina ya hati. Na mahali inapohifadhiwa. Kisha andika jambo ambalo wanaoanza hulisahau, nalo ni tofauti kati ya mwaka wa tukio na mwaka wa nakala. Monasteri nyingi zilikusanya hati zao za kale na kuzinakili upya katika vitabu, na mnakili wa karne ya 13 aliyenakili hati ya karne ya 10 alikuwa na mazoea ya kuyaandika majina jinsi yeye mwenyewe alivyoyazoea. Hati hiyo inasema mwaka 970, lakini tahajia yake ni ya karne ya 13. Andika tarehe zote mbili ubavu kwa ubavu.

Tarehe nazo zina mitego. Makarani wa Zama za Kati walihesabu kwa miaka ya utawala, hivyo hati ya mwaka wa tano wa Mfalme Henry wa Tatu ni ya kati ya Oktoba 1220 na Oktoba 1221, nawe utaandika 1220–21 badala ya kuchagua mmojawapo. Aidha, mpaka mwaka 1752 mwaka wa England ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo rejista ya parokia inayosema 10 Februari 1640 inazungumzia siku ambayo sisi tungeiita ya mwaka 1641.

Kwa upande wa herufi, jihadhari na mwandiko. Herufi u, n, m na i ziliandikwa kwa vijiti vilivyofanana, hivyo msomaji wa haraka huona n mahali pa u. Herufi c na t zilikaribiana mno, na s ndefu hufanana na f. Kiingereza cha Kale kilikuwa pia na herufi þ na ð, zote zikisomwa th au dh bila mgawanyo ulio wazi, tofauti na sisi tunaotenga th ya thamani na dh ya dhahabu, pamoja na æ, ambayo ni irabu iliyo kati ya a na e. Mchapishaji wa karne ya 19 asiyekuwa makini anaweza kuwa amekosea herufi moja, na herufi moja inatosha kuzaa nadharia ya uongo. Ukipata tahajia moja ya ajabu kati ya kumi zinazokubaliana, rudi kwenye picha ya hati yenyewe kabla ya kuijengea hoja.

Hatua ya nne: hakikisha hati inazungumzia mahali pako

Hapa ndipo Grantchester ilipowaangusha wengi, na kisa chake kinastahili kuelezwa kwa urefu.

Mtawa Bede wa Jarrow, katika historia ya kanisa la Waingereza aliyoikamilisha mwaka 731, anasimulia kuhusu Æthelthryth, malkia aliyeanzisha monasteri huko Ely na kufariki mwaka 679. Baada ya miaka 16 dada yake Seaxburh, aliyemrithi uongozi, aliamua mifupa yake ihamishiwe ndani ya kanisa, akawatuma baadhi ya ndugu wakatafute jiwe la kutengenezea jeneza. Ely ilizungukwa na maji na mabwawa pande zote na haikuwa na mawe makubwa, kwa hiyo walipanda mashua, wakafika kwenye mji mdogo uliokuwa magofu, usiokuwa mbali, ambao kwa Kiingereza uliitwa Grantacaestir. Karibu na kuta zake walikuta jeneza la marumaru nyeupe, zuri sana, likiwa na mfuniko wake wa jiwe hilo hilo.

Grantacaestir na Grantchester: nani asingeyaunganisha? Kwa muda mrefu wasomi waliyaunganisha, na kwa kufanya hivyo walikipa kijiji kile mji wa Kirumi ambao si wake. Lakini pima ushahidi mmoja mmoja. Kwanza, mji wa Kirumi wenye kuta ulikuwa juu ya Castle Hill, ndani ya Cambridge ya leo, na akiolojia imeuthibitisha. Pili, mashua inayotoka Ely na kupanda mto hufika Cambridge kabla ya kuifikia Grantchester. Tatu, Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni, yaani matukio yaliyoandikwa mwaka kwa mwaka na wasemaji wa Kiingereza cha Kale, zinapoeleza jeshi la Wadenmark lililopiga kambi mwaka 875, zinautaja mji huo Grantebrycge, yaani daraja la Granta: jina la ngome limekwisha kuachwa na jina la daraja limeshika mahali pake. Nne, na hii ndiyo hoja inayonishawishi kuliko zote, makarani wa Domesday hawakuwa na tabu na neno la ngome. Mji wa Chester wameuandika Cestre. Kama kijiji chetu kingeitwa kwa neno hilo, tungetarajia kuona -cestre mwaka 1086, lakini tunaona -seta.

Kwa hiyo tahajia ya Bede, pamoja na ukongwe wake wote, inaondoka katika orodha ya Grantchester na kuingia katika orodha ya Cambridge. Kufanana kwa maandishi hakutoshi kamwe. Mazingira ya simulizi, njia, jirani na mwenye mali ndivyo vinavyoamua.

Hatua ya tano: mjue karani

Mfalme William, kiongozi wa Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa aliyeishinda England mwaka 1066, aliagiza uchunguzi wa Domesday akiwa Gloucester wakati wa Krismasi ya mwaka 1085. Kazi ya mwaka uliofuata ilitaja mahali zaidi ya 13,000, na kwa vijiji vingi hiyo ndiyo mara ya kwanza jina kuandikwa. Hata hivyo kumbuka hali ilivyokuwa: wanakijiji walitamka kwa Kiingereza, maofisa wengi walikuwa wazungumzaji wa Kifaransa, na hati iliandikwa kwa Kilatini. Jina lilipita mikono mitatu kabla ya kutua kwenye ngozi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa, kwa kuwa Wareno waliandika Quiloa wakimaanisha Kilwa, na hakuna anayedai kwamba wenyeji waliutamka mji wao hivyo.

Karani wa aina hiyo alikuwa na desturi zinazotabirika, na ukizijua unaweza kuisoma tahajia yake kinyumenyume hadi kwenye matamshi. Sauti th ilimshinda, akaandika t, hivyo vijiji vinavyoitwa Thorpe leo viko Domesday kama Torp. Sauti sh aliiandika s au sc, na ndiyo maana Shepton Mallet ni Sepetone. Herufi ch mbele ya e au i mara nyingi ni k: mji wa Rugby umeandikwa Rocheberie, nao ukisomwa kwa k unakuwa ngome ya mtu aliyeitwa Hroca, kiishio -by cha Kiskandinavia kilikuja baadaye, na mwaka 1200 tunaona Rokebi. Kuanza neno kwa sn pia kulikuwa kugumu kwa ulimi wa Kinormani. Nottingham, ambayo mwaka 868 ni Snotengaham, ilipoteza s yake kwa njia hiyo, na nadhani hakuna mkazi wa leo anayeililia. Viishio -a na -e vinavyojaa Domesday mara nyingi ni vazi la Kilatini tu. Ukikutana na Granteseta, a ya mwisho usiipe uzito.

Cambridgeshire ina bahati ya pekee hapa. Mbali na Domesday yenyewe, imesalia nakala ya karne ya 12 ya maelezo ya awali yaliyokusanywa tarafa kwa tarafa, hivyo kwa vijiji vingi vya kaunti hiyo unaweza kuweka matoleo mawili ya uchunguzi mmoja kando kwa kando na kuona karani gani amelibadilisha jina. Ukiwa unatafuta kaunti ya kujifunzia kazi hii, ningekushauri hiyo.

Kutokana na hayo yote, usiichukulie tahajia ya kwanza kuwa bora kwa sababu tu ni ya kwanza. Tahajia kumi za karne ya 13, zilizoandikwa na watu waliolisikia jina kila wiki, zikikubaliana dhidi ya tahajia moja ya Domesday, mimi huzifuata zile kumi.

Hatua ya sita: tenganisha vijenzi vya jina

Majina mengi ya vijiji vya England yana sehemu mbili: ya mwisho hueleza ni kitu gani, na ya mwanzo hukitofautisha na vingine vya aina yake. Katika Kiingereza cha Kale tun ni shamba au makazi, ham ni makao, leah ni uwazi msituni, ford ni kivuko, na burh ni ngome. Tatizo ni kwamba maneno tofauti yamesagika na kuwa kiishio kimoja. Hamm, yaani ardhi iliyokumbatiwa na mto, leo haitofautiani na ham. Dun, kilima, na denu, bonde, huweza kuishia -don zote mbili, kama Croydon ilivyoonyesha. Upande wa pili, neno moja limezaa viishio vingi: ceaster ni -chester katika Chichester, -caster katika Lancaster, na -cester katika Gloucester. Ni tahajia za kale pekee zinazoweza kuamua.

Turudi kwa Granteseta. Grante- ni jina la mto Granta, ambalo ni la kabla ya Kiingereza. Inayobaki ni -seta, nayo ni sæte, neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya wakaao mahali fulani. Tunalijua vizuri kwa kuwa ndilo lililomo katika majina ya kaunti za Dorset na Somerset, ambayo yote mawili yalikuwa majina ya watu kabla ya kuwa majina ya ardhi. Basi Grantchester ni wakaao kando ya Granta, na kwa kanuni za kawaida za sauti tungetarajia leo iwe Grantset au kitu cha namna hiyo. Mbona si hivyo? Silabi za mwisho zisizo na mkazo hufifia, na kiishio kilichofifia huvutwa na kiishio kinachojulikana zaidi. -Set ni nadra katika majina ya vijiji, -chester imejaa kila mahali. Wasomi waliokuwa wamemsoma Bede nao walikuwa na sababu nzuri ya kuipenda tahajia hiyo mpya.

Kama jina lina nyongeza, ichunguze peke yake. Swaffham Bulbeck na Swaffham Prior, vijiji viwili vinavyopakana huko huko Cambridgeshire, vina jina moja la Kiingereza cha Kale, makao ya Waswabia, watu wa kabila la Kijerumani, lakini cha kwanza kilimilikiwa na ukoo wa Kinormani wa Bolebec na cha pili na mkuu wa monasteri ya Ely. Nyongeza ya namna hii ina historia yake na tarehe yake, na mara nyingi ni karne mbili au tatu changa kuliko jina lenyewe. Piddletrenthide ya Dorset imebeba hesabu ya kodi: ilikadiriwa kwa vipimo 30 vya ardhi vilivyoitwa hide, na trente ni thelathini kwa Kifaransa.

Hatua ya saba: linganisha na majirani

Jina halikai peke yake. Ukiwa na tafsiri mkononi, iangalie ramani ya eneo zima uone kama inakubaliana na majina mengine. Kwa Grantchester jirani muhimu ni Cambridge. Grantebrycge ilipita vinywa vya Wanormani, r ikadondoka, G ikawa C, na mwishoni mwa karne ya 14 mshairi Chaucer anaandika Cantebrigge katika hadithi anayoiweka Trumpington, ng'ambo ya mto kutoka Grantchester. Kutoka hapo hadi Cambridge ni hatua ndogo. Baada ya jina la mji kubadilika, watu wakafikiri kwamba daraja la Cam lazima liwe juu ya mto Cam, wakaupa mto jina jipya lililochukuliwa kutoka kwenye mji. Anayesema Cambridge imeitwa kwa mto Cam amegeuza mambo: ni mto ulioitwa kwa mji. Grantchester ndiyo iliyohifadhi herufi ambazo jirani yake mkubwa amezipoteza.

Ely nayo inafundisha. Bede anaiita Elge, na yeye mwenyewe anaeleza kwamba jina limetokana na wingi wa mikunga waliovuliwa katika mabwawa yake. Watu wa baadaye, wakiona mahali palipozungukwa na maji, walisikia ndani yake neno la kisiwa, kama wengine walivyosikia ngome katika Grantchester. Kinyume chake, Trumpington haina mgogoro mkubwa: Trumpintone mwaka 1086, shamba la watu wa mtu aliyeitwa Trump au Trumpa.

Hatua ya nane: fika, tazama, sikiliza

Ukiweza, nenda. Margaret Gelling, mtaalamu wa majina ya mahali, katika utafiti wake wa miaka ya 1980, alionyesha kwamba Waanglo-Saksoni hawakutumia maneno ya mandhari ovyo: dun kwa kawaida ni kilima chenye kilele kipana kinachofaa kujengwa kijiji, ilhali beorg ni kilima cha mviringo au kichuguu. Kama tafsiri yako inadai kivuko na hakuna hata kijito, au inadai bonde na kijiji kiko kwenye tambarare, rudi kwenye tahajia.

Sikiliza pia wenyeji wanavyotamka, hasa wazee. Cholmondeley ya Cheshire, iliyoandikwa Calmundelei mwaka 1086, yaani uwazi wa msituni wa Ceolmund, hutamkwa kana kwamba imeandikwa Chamli. Happisburgh ya Norfolk hutamkwa karibu na Heizbra. Matamshi ya namna hiyo huonyesha mahali ambapo sauti zimemezwa, na hukufundisha kutambua tahajia fupi za karne ya 16 na ya 17 ambazo vinginevyo ungezidhania kuwa za mahali pengine. Hadithi za wenyeji kuhusu asili ya jina ziandike zote, lakini uziweke katika ukurasa wake. Kijiji cha Great Snoring huko Norfolk kinawachekesha wageni wanaosikia mkoromo katika jina lake. Mwaka 1086 kilikuwa Snaringes, watu wa mtu aliyeitwa Snear.

Hatua ya tisa: andika ingizo lako

Ingizo zuri ni fupi. Kwa Grantchester linaweza kusomeka hivi:

Grantchester, parokia, tarafa ya Wetherley, Cambridgeshire. Granteseta 1086, Domesday. Wakaao kando ya mto Granta: jina la mto la kabla ya Kiingereza, likifuatiwa na sæte ya Kiingereza cha Kale. Kiishio -chester ni cha baadaye na kimeingia kwa mvuto wa majina mengine. Grantacaestir ya Bede, 731, haihusiki na mahali hapa, ni Cambridge.

Katikati ya ingizo hilo utaongeza tahajia zote ulizokusanya kwa mpangilio wa miaka, ukionyesha zipi zimetoka katika hati za asili na zipi katika nakala. Tumia nyota mbele ya neno au jina la mtu ambalo halijapatikana popote isipokuwa ndani ya jina la mahali. Snear huandikwa *Snear kwa sababu hiyo. Tenganisha kwa maneno yaliyo wazi kile unachokithibitisha na kile unachokikisia. Maelezo uliyoyakataa yaache ndani ya ingizo, pamoja na sababu ya kuyakataa kwa sentensi moja, kama ilivyofanywa hapo juu kwa tahajia ya Bede, kwa kuwa msomaji atakayekuja baada yako atakuwa amekwisha kukutana na Grantacaestir mahali pengine na atataka kujua kwa nini haimo katika orodha yako.